Sauti Ni Sahihi, Muda Ndio Umekosewa

Kaa nyuma ya kwaya inayojifunza wimbo mpya kwa solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi, ufumbe macho, usikilize. Herufi zinatajwa vizuri. Do ni do, mi ni mi, na so ya chini inashuka pale inapotakiwa. Kisha sauti ya tatu inafika mwisho wa baa, yaani kundi moja la mapigo, nusu pigo kabla ya wenzao, besi wanashikilia pale palipotakiwa ukimya, na mwalimu anagonga meza: "Jamani, rudieni, nota hamzijui."

Nota wanazijua. Wasichokijua ni alama ndogo zilizo katikati ya herufi: nukta mbili, nukta moja, koma na kistari. Sisi tunaofundisha kwaya za makanisa na za shule tumeliona hili mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi tunamfundisha anayeanza muda kabla ya sauti. Sauti sikio litamsaidia. Muda lazima ausome.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Juu kushoto pameandikwa Do = G, au Do = B flati, au herufi nyingine. Maana yake ni kwamba katika wimbo huu do imekaa kwenye G ya kinanda. G haihami, do inahama. Wimbo uleule ukiandikiwa Do = F, herufi zote chini yake zinabaki vilevile, ila kwaya nzima inaimba toni moja chini. Hapo ndipo nguvu ya solfa ilipo: inakueleza uhusiano wa sauti na do yake, na huhitaji kukumbuka shapu wala flati, zile alama za kupandisha na kushusha nota nusu toni.

Angalizo kwa wanaopiga na wenzetu kutoka Kongo au Burundi: waliojifunza kwa utaratibu wa Kifaransa wanatumia majina hayahaya kwa njia tofauti. Kwao do ni C siku zote. Mpiga gitaa kutoka Lubumbashi akikuambia wimbo uko kwenye sol, anamaanisha G. Ukimwelewa kwa solfa yako, mazoezi yataanza kwa vurugu na kila mmoja atadhani mwenzake ndiye asiyejua.

Majina yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo, Italia, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na ya saba, si, ikaongezwa. Huko Norwich, Uingereza, mwalimu Sarah Glover aliunda njia ya kuandika sauti hizo kwa herufi moja moja. Mchungaji John Curwen akaikuta mwaka 1841, akairekebisha na kuisambaza, na wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Kwa kuwa so na si zote zinaanza na s, si ikageuka ti. Lahani ya Mungu Ibariki Afrika, aliyoitunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, ilizaliwa katika mazingira hayo ya shule za misheni zilizofundisha kuimba kwa solfa.

Sasa muda. Mstari mrefu wa wima unafungua baa, na herufi inayoufuata iko kwenye pigo zito. Nukta mbili hutangulia pigo jepesi. Wimbo ukiwa na mapigo 4, katikati ya baa huwa na kistari kifupi cha wima kinachotangulia pigo la 3, ambalo lina uzito wa kiasi. Kwa hiyo baa yenye nota moja kila pigo inaonekana hivi:

| d : r ¦ m : f |

Mapigo 3 ni | d : r : m | na mapigo 2 ni | d : r |. Zichukulie alama hizo kama kuta, na nafasi iliyo kati ya ukuta na ukuta ni chumba. Kila chumba ni pigo moja, hakuna kikubwa wala kidogo. Mchapaji anaweza kukipanua chumba kwa sababu chini yake kuna neno refu, na anayeanza akiona nafasi pana anavuta sauti. Asivute. Upana wa karatasi hauna muda ndani yake.

Ndani ya chumba, nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu: d . r ni nota mbili katika pigo moja. Koma inagawa nusu hiyo tena, kwa hiyo d , r . m , f ni nota nne katika pigo moja, kila moja robo. Nukta na koma zikifuatana, d . , r, do inachukua robo tatu na re robo iliyobaki. Kistari cha kulala maana yake endelea kushikilia sauti iliyotangulia. Chumba kikiwa kitupu kabisa, nyamaza.

Alama ni hizo sita tu. Lakini angalia baa hii, ambayo kwa maoni yetu inaharibu nyimbo nyingi kuliko nyingine yoyote:

| d : – . r ¦ m : – |

Do ina pigo la 1 lote pamoja na nusu ya pigo la 2. Re inapata nusu tu. Mi inapata mapigo 2. Kwenye nota za mistari mitano, kwa mapigo 4 ya krocheti, hiyo ni krocheti yenye nukta, kweva, kisha minimu. Anayeanza anaona do katika chumba kimoja na re katika cha pili, basi anatoa pigo zima kwa kila moja. Kistari kilicho mbele ya nukta hakimgusi kwa sababu hakina sauti ya kutaja. Sauti nne zikisoma kwa mtindo huo na kila moja ina baa yake yenye kistari mahali tofauti, ndipo kwaya inapotawanyika.

Dawa yake ni majina ya muda, ambayo walimu wa solfa wa kizazi cha Curwen waliyatumia na ambayo kwaya zetu nyingi zimeyaacha. Pigo moja linaitwa taa. Nusu mbili ni taa-tai. Robo nne ni ta-fa-te-fe. Kistari ni -aa, yaani irabu inaendelea bila konsonanti mpya. Baa ile hapo juu inasomwa taa -aa-tai taa -aa. Ukiitamka kwa mdomo huku mkono ukigonga paja, mwili wenyewe unakwambia re iko wapi: inakuja mkono ukiwa juu, kabla haujatua kwenye pigo la 3.

Utaratibu tunaoutumia kwa baa 4 mpya ni huu. Kwanza kwaya inagonga mapigo kwa mkono na kutamka taa zake bila kuimba, kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika. Mshale wa sekunde wa saa ya ukutani unatosha kabisa. Pili wanaziimba taa hizo kwenye sauti moja tu, so kwa mfano, ili usikie kama kuna anayetangulia. Tatu wanatamka herufi kwa muda wake, bado bila kupanda na kushuka. Nne ndipo waimbe. Kwaya yenye haraka inaruka hatua ya pili na ya tatu, na makosa inayoyaokota siku hiyo ya kwanza yanakaa miezi. Kosa la sauti kwaya inalisikia na kulirekebisha yenyewe kwa kuwa linauma sikio. Kosa la muda likiimbwa na wote pamoja haliumi. Linageuka kuwa ndio wimbo.

Ile d . , r ya robo tatu na robo, ambayo jina lake ni taa-efe, ina ugonjwa wake. Kwenye nyimbo za mwendo wa gwaride hulainika ikawa kama pigo lililogawanywa sehemu 3, do ikipata mbili na re moja. Wimbo unapoteza makali. Pima kwa kugawa kwaya: nusu watamke ta-fa-te-fe mfululizo kwa sauti ya chini, nusu waimbe. Re lazima iangukie kwenye fe ileile ya wenzao. Ikitangulia, mmelainisha.

Mapigo ya 6/8 yanaandikwa | d : r : m ¦ f : s : l | wimbo ukiwa wa taratibu, vyumba 6. Ukiwa wa kasi, mwalimu asionyeshe 6 kwa mkono. Aonyeshe 2, kila moja lina taa-tai-tee ndani yake. Mkono unaoonyesha mapigo 6 kwa kasi unachoka na waimbaji wanaacha kuutazama. Ukimya nao una kosa lake: kistari kilichofutika kwenye nakala hafifu kinasomwa kama chumba kitupu, na kwaya inanyamaza katikati ya neno. Ukiona ukimya mahali ambapo neno halijaisha, shuku karatasi kabla ya kumshuku mtunzi.

Kwa upande wa sauti, usianze kwa kupanda ngazi yote do re mi fa so la ti do. Kila mtu anaijua kama wimbo, na kwa sababu hiyo anayeulizwa la iko wapi hulazimika kuanza tena kutoka do kama mtoto anayehesabu vidole. Anza na do, mi, so, na do ya juu, ambayo huandikwa d¹. Ziruke kwa mpangilio wowote mpaka mwalimu akionyesha herufi ubaoni kwa kijiti, kwaya iitoe bila kufikiri. Kisha ongeza re na ti. Fa na la zije mwisho. Mpangilio huu ni wa Curwen na hatujaona ulio bora. Chora ngazi ubaoni, do chini na d¹ juu, na usiziache nafasi zote sawa: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pawe na nusu ya nafasi nyingine, kwa maana hapo pana nusu toni. Kwingine kote ni toni nzima.

Nusu toni hizo mbili ndizo zinazoshusha kwaya. Nyimbo nyingi za asili zinatumia sauti tano zisizo na nusu toni ndani yake, na sikio lililolelewa nazo linazipanua fa na ti bila kujua. Wakishuka kutoka fa kwenda mi, wanashuka zaidi ya inavyotakiwa. Wakiimba ti chini ya do, inalala. Ukifika ubeti wa 3, kinanda kikiguswa kila mtu anashtuka. Mazoezi yake ni mafupi: d t₁ d mara kumi, m f m mara kumi, taratibu, huku ti ikiegemea do kama mtu anayetaka kupanda. Kidogo hicho cha chini, ₁, kinaonyesha sauti ya ngazi ya chini, na ¹ ya juu. Nota inayorudiwa nayo hushuka: so tano mfululizo mara nyingi ya tano si so ile ya kwanza. Waambie waiwazie kila moja kuwa juu kidogo kuliko iliyotangulia.

Do mnaipata wapi bila kinanda? Uma wa kupimia sauti, kile chuma cha ncha mbili kinachogongwa kwenye goti, kwa kawaida unatoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Huna haja ya kuwa na uma kwa kila do, unahitaji kujua A ni nani katika wimbo wako. Do = A, A ndiyo do. Do = G, A ni re, shuka toni moja. Do = F, A ni mi, imba mi re do. Do = E, A ni fa. Do = D, A ni so. Do = C, A ni la. Do = B flati, A ni ti, panda nusu toni tu. Kwa E flati kuna hatua mbili: pata B flati kwanza kwa njia hiyo, kisha iite so na ushuke so fa mi re do. Kwa A flati, shuka nusu toni kutoka kwenye uma. Mwalimu akishaipata do, awape kila sauti nota yake ya kwanza kwa jina lake, besi kwanza, kisha tena (ile sauti ya tatu): "Besi do, tena so, alto mi, soprano do ya juu." Kuhumu tu bila jina kunawafanya alto kuishika ya soprano.

Itafika siku utapewa wimbo ulioandikwa kwenye mistari mitano peke yake. Usiogope, na usianze kwa kukariri kila mstari. Shika vituo vitatu. Alama ya kwanza kushoto inaitwa klefu. Klefu ya G, iliyojikunja kama pembe ya kondoo, inazunguka mstari wa 2 kutoka chini, na hapo ni G. Klefu ya F ina nukta mbili zinazoubana mstari wa 4, na hapo ni F. C ya kati ina kijistari chake peke yake, chini ya mistari ya klefu ya G na juu ya mistari ya klefu ya F. Ni C ileile moja. Kutoka vituo hivyo hesabu kwa mstari, nafasi, mstari, nafasi. Baada ya wiki chache utakuwa huhesabu tena.

Kisha tafuta do. Baada ya klefu kuna shapu au flati kadhaa, au hakuna kitu. Pasipokuwa na kitu, do ni C. Kukiwa na shapu, ya mwisho kulia ni ti, basi do iko nusu toni juu yake: shapu moja, F, do ni G, shapu mbili, ya mwisho C, do ni D, tatu, A, nne, E. Kukiwa na flati, ya mwisho ni fa. Hesabu kushuka fa mi re do. Flati moja, B, inakupa do ni F. Zikiwa mbili au zaidi kuna njia ya mkato: flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Flati mbili ni B na E, do ni B flati. Flati tatu ni B, E na A, do ni E flati. Flati nne, A flati. Kosa la kawaida hapa ni kuisahau flati ya do yenyewe: mtu anasema do ni B, anaitafuta B nyeupe kwenye kinanda, na kwaya inaanza nusu toni juu.

Ukishajua do imekaa wapi, jicho linapata msaada mkubwa. Do ikiwa juu ya mstari, mi na so ziko juu ya mistari miwili inayofuata. Do ikiwa katika nafasi, mi na so ziko katika nafasi mbili zinazofuata. Do mi so ni ngazi ya kuruka, mstari kwa mstari au nafasi kwa nafasi. Mwimbaji wa solfa akiliona hilo anaweza kusoma mistari mitano ndani ya siku hiyohiyo, japo polepole, kwa sababu haanzi upya; anaweka solfa yake juu ya picha.

Wanaohamisha wimbo kutoka mistari kwenda solfa wanakosea sana kwenye tena na besi. Katika solfa, kwa desturi iliyotokana na Curwen, sauti za wanaume zinaandikwa ngazi moja juu ya zinavyosikika, ili kupunguza vile vidogo vya chini. Do ya besi isiyo na alama, pale Do = C, imeandikwa kama C ya kati lakini inaimbwa C iliyo chini yake. Asiyejua desturi hiyo anajaza ₁ kwenye kila herufi ya besi, na wengine wanakuja kuisoma kama so ya pangoni. Tena iliyoandikwa kwenye klefu ya G nayo inasikika ngazi moja chini. Klefu hiyo mara nyingi ina 8 ndogo mkiani.

Jambo hili lina faida pale mnapotaka kushusha wimbo. Chukua wimbo wenye Do = D ambao soprano anafika m¹. Hiyo ni F shapu ya mstari wa juu kabisa, na soprano wa kawaida wa parokiani anaitoa kwa kukaza koo. Shusha mpaka Do = C na m¹ inakuwa E, inayoimbika. Lakini kabla ya kufurahi angalia besi: nota yake ya chini kabisa ikiwa s₁, kwa Do = C itasikika G ya mstari wa kwanza wa klefu ya F, sawa kwa besi wengi. Ukishusha hadi Do = A flati itakuwa E flati, chini ya mistari, na utasikia pumzi tu. Kushusha kunawasaidia wa juu na kuwaumiza wa chini, kwa hiyo soma ncha zote mbili.

Sauti zilizopandishwa au kushushwa nusu toni zina majina. Fa ikipanda ni fe, so ikipanda ni se, ti ikishuka ni ta. Fe hupeleka wimbo so, ta humvuta kwenda la, se hukaa chini ya la, hasa kwenye nyimbo za huzuni zinazoisha kwenye la. Ukitafsiri kutoka mistari mitano kuna mtego: fe haiandikwi kwa shapu kila mara. Do ikiwa F, fa ni B flati, hivyo fe ni B ya kawaida na alama mbele yake ni ile ya kurudisha nota kwenye hali yake. Pia alama hizo za katikati ya wimbo zinadumu hadi mwisho wa baa tu. Mnakili anayeona shapu kwenye nota ya kwanza tu ya baa anaandika fe moja, kisha fa mbili, kumbe zote tatu ni fe.

Wimbo ukihama do kabisa katikati, utaona herufi ndogo imebandikwa mbele ya kubwa, kwa mfano ˢd. Ni daraja: sauti uliyoijua kama so sasa iite do, bila kuipandisha wala kuishusha. Imba so, ishike, itamke do kwenye pumzi ileile, kisha endelea. Wanaoruka daraja bila kulizoea hujikuta wakiimba herufi mpya kwa do ya zamani.

Si kila muziki unaingia kwenye ngazi hii. Taarabu ya Zanzibar inatumia makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti kama Rast na Bayati, zenye sauti zinazoangukia kati ya mi na ma, yaani mi iliyoshushwa. Solfa haina herufi yake. Kwenye mistari mitano huandikwa flati yenye mkato, na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anabadilisha kwa vijiti vidogo vya pembeni mwa nyuzi. Usilazimishe.

Maneno ya Kiswahili chini ya nota yana sheria ambazo vitabu vya kigeni haviwezi kutufundisha. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo ya pigo zito. Takusifu ina mkazo kwenye si, basi

: ta . ku | si : fu

inakaa vizuri: ta na ku zinagawana pigo jepesi, si inatua. Ukianza baa na ta, ta inapata uzito usio wake na neno linasikika kama limetamkwa na mgeni. Tafsiri nyingi za nyimbo za Kizungu zina kasoro hii kwa kuwa idadi ya silabi ililingana na mkazo haukulingana.

M na n zinazosimama peke yake ni silabi kamili. Mtoto ni m-to-to, nota tatu. Nchi ni n-chi, na n ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo inakaa kwenye pigo zito na kuimbwa kwa sauti yake puani. Kwaya isiyoandikiwa nota ya m inaongeza irabu, ikaimba "mutoto", au inaimeza. Ila mbingu ni mbi-ngu, m haina nota. Mungu ni Mu-ngu; ukikata Mun-gu, waimbaji wanafunga sauti kwenye n kabla ya wakati na irabu ndefu uliyoitaka inapotea.

Mwisho ni kunakili, na hapa kazi nzuri huharibika kwa sababu ndogo kabisa. Kwenye kompyuta tumia mwandiko ambao kila herufi ina upana sawa, Courier kwa mfano, ili vyumba vya sauti nne vikae wima kimoja chini ya kingine. Kwa mwandiko wa kawaida i ni nyembamba na m ni pana, na baada ya baa 3 nguzo zimepinda. Usitumie koma kuonyesha ngazi ya chini, kwa sababu koma tayari ina kazi ya robo pigo, andika ₁. Picha za simu zinazotumwa kwenye kundi la kwaya hufifisha nukta kwanza, kisha vidogo vya juu na chini, ndipo herufi. Kwa mkono, nukta iwe nzito kama punje ya mtama.

Kabla ya kurudufu, kagua baa kwa baa: kila sauti iwe na idadi ileile ya vyumba, na kama wimbo umeanza na pigo jepesi, baa ya mwisho ipungue kwa kiasi hichohicho, ili mwanzo na mwisho vikiunganishwa viwe baa moja kamili. Kisha mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, aisome sauti ya tatu peke yake na mkono wake ukigonga. Pale atakapositasita, angalia kistari.